Kifungu cha Saba cha Walaalo

4 Oktoba

Kengele ya mti ikiangukia kengele nyingine ya mti, hailii. Inagonga tu: ko. Mlio mfupi, mkavu, kama wa mtu aliyebisha hodi mara moja kisha akaghairi. Huo ndio mlio uliobaki masikioni mwangu tangu siku tuliyohamia Walaalo, miezi minne iliyopita. Abti Nunow, kaka yake Hooyo, mama yangu, alimvua ngamia wake Dhudi kengele aliyoichonga kwa mkono wake, akaitupa kwenye rundo pamoja na za familia nyingine tisa. Tangu siku hiyo ngamia wakawa wa wote, na ngamia wa wote havai kengele ya mtu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa hakuna anayekisoma kwa raha.

Walaalo maana yake ni ndugu. Ni nyumba ishirini na mbili za mabati, saa mbili kwa miguu kutoka Tarbaj. Mwanzilishi ni Adeer Dekow, adeer yaani ami, kwa heshima tu, mtoto wa mwenye duka wa Wajir mjini, aliyeishi Ohio miaka kumi na tisa akiendesha lori. Siku moja alipeleka mzigo karibu na kijiji cha makumbusho cha wale Shaker, Wakristo walioishi bila mali ya mtu binafsi na bila ndoa, wakiamini kwamba kazi ya mikono ni ibada. Ndoa ametuachia, alhamdulillahi. Kilichomshika hasa ni viti. Shaker walivitundika ukutani kwenye vigingi ili sakafu ifagiwe vizuri. Sasa katika ukumbi wetu viti vya plastiki vinaning'inia ukutani. Hooyo alipoviona mara ya kwanza aliuliza, "Kiti kinatundikwa kama nyama buchani? Kimekosa nini?"

Mimi nawajua Shaker kuliko yeye. Niliandika tasnifu yangu ya chuo kuhusu jumuiya kama zile: Shaker, Oneida, Fruitlands, New Harmony. Adeer Dekow alisikia, akanipigia simu. "Bishara, wewe umesoma walivyoishi. Njoo uwaone wakiishi." Nikaja na Hooyo, na Abti akaja nyuma yetu na ngamia sita, ndio waliomsalia baada ya ukame. Kabla ya ukame alikuwa na sitini.

Mkataba wa Walaalo niliuandika mimi. Zamu za kazi nilizipanga mimi. Mtu akitaka kujua kwa nini namshuku kila mmoja hapa, aanzie hapo. Mwenye kujenga nyumba ndiye anayejua nyufa zitakapotokea.

5 Oktoba

Upepo. Vumbi hadi ndani ya chai.

9 Oktoba

Ridwan, dereva wa pikapu anayepeleka maziwa yetu Wajir, aliruka chini leo akatazama madumu.

"Mwalimu, ni matatu tu? Wiki ile yalikuwa matano. Ngamia wamegoma, ama mnakunywa nyinyi?"

Alikuwa anatania. Osob, jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, hakucheka. Alimtazama Abti Nunow, kisha akajifunga shuka upya, polepole, kama mtu anayefunga neno ndani.

Nimeliona. Naliandika.

10 Oktoba

Abti alisimama mbele ya karatasi ya zamu niliyoibandika mlangoni mwa ukumbi. Wakamuaji hubadilika kila wiki, wanaume kwa wanawake, ili pasiwe na bwana wa kazi yoyote. Oneida walifanya hivyo, kazi zikazunguka. Abti hajui kusoma, lakini huisimamia karatasi ile kama askari.

Akitaka kunichokoza hutumia Kiswahili chake cha sokoni, chenye B mahali pa P. "Mwalimu, hii karatasi, Dhudi amesoma?"

"Dhudi si mwanachama, Abti."

"Basi bole. Yeye ndiye ana maziwa."

12 Oktoba

Kila siku baada ya alasiri Adeer Dekow huenda nyuma ya tangi la maji na simu yake. Hukaa dakika kumi. Akirudi huwa ameosha uso. Anamnong'onia nani? Mnunuzi wa mifugo? Nimesoma habari za jumuiya nyingi zilizokufa kwa sababu mtu mmoja alikuwa na mlango wa nyuma.

15 Oktoba

Lazima niandike na hili, la sivyo shajara hii itakuwa ya uongo. Hooyo ananenepa. Zamani alikwenda kisimani peke yake na punda mmoja, anaondoka kabla ya alfajiri, anarudi mgongo umepinda. Hapa wanakwenda wanawake wanane na mkokoteni. Leo alirudi akiimba. Aliniambia, "Hooyo," kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao, "tangu baba yako afe, leo ndiyo mara ya kwanza nimechota maji nikicheka."

Nilimuuliza walicheka nini. "Osob. Anamwigiza mumewe akitundika kiti."

Kwa hiyo Osob hucheka, pale ambapo mimi sipo.

16 Oktoba

Mawingu upande wa Takaba. Hayakufika.

19 Oktoba

Leo ilikuwa Kioo. Hufanyika kila Alhamisi baada ya alasiri. Mtu mmoja hukaa katikati ya ukumbi, wengine humwambia aibu zake, naye haruhusiwi kujibu. Adeer Dekow husema ni kwa sababu muumini ni kioo cha muumini mwenzake. Hilo ni kweli. Lakini mpangilio wenyewe, kiti katikati na mdomo uliofungwa, ni wa Oneida. Najua kwa sababu nilimsimulia mimi, na macho yake yakawaka.

Aliyekaa leo ni mume wa Osob. Kosa lake: alisikika malishoni akisema "ngamia wangu". Watu kumi na wanne walisimama mmoja baada ya mwingine wakamwonyesha neno hilo, "wangu", kama mwiba waliomtoa mguuni. Aliinamisha kichwa. Mwisho Adeer Dekow alimkumbatia, akalia yeye mwenyewe, na watu wakalia. Mimi pia nilikaribia kulia. Hicho ndicho kinachoniogopesha: kilikuwa kizuri.

Abti alikuwa nyuma kabisa akichokoa meno kwa mswaki. Tulipotoka alinong'ona, "Kama si ngamia wake, nani atamfuata akipotea?"

24 Oktoba

Madumu mawili na nusu.

26 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu. Nilijificha nyuma ya rundo la kuni nimsikilize Adeer Dekow kwenye simu yake.

Hakuwa akizungumza na mnunuzi. Alikuwa anarekodi ujumbe wa sauti. "Sabirin, ni mimi baba. Leo kuna upepo. Tumepata choo kipya. Najua una kazi. Ukipata nafasi." Akajisikiliza, akafuta, akarekodi tena, maneno yale yale, akiondoa lile la choo.

Binti yake yuko Ohio. Simu ilipowaka niliona orodha ya jumbe zake, zote upande mmoja. Hakuna hata jibu moja.

Kwa hiyo si mwizi. Nimelala kitandani tangu magharibi nikilifikiria hilo na halinipi nafuu. Afadhali angekuwa mwizi. Mwizi unajua anataka nini na akishakipata ataondoka.

28 Oktoba

Joto. Nzi. Hakuna.

31 Oktoba

Zamu yangu ya kukamua. Kwetu mwanamke hukamua mbuzi. Ngamia hukamuliwa na mwanamume. Nilikuwa nimeliandika jambo hili kama ushindi.

Nilimwachia ndama wa Dhudi anyonye kidogo, kama nilivyoelekezwa. Nikasimama kwa mguu mmoja, chombo juu ya goti. Dhudi aligeuza shingo akanitazama kama karani anayetazama mtu asiye na kitambulisho. Matone machache, kisha povu, kisha hakuna. Nilikamua hadi vidole vikafa ganzi. Kiwele kilikuwa kimejaa, nilikiona! Alikuwa amebana maziwa.

Abti alikuja, akaweka kiganja ubavuni mwa Dhudi, akaanza kuguna wimbo usio na maneno. Hakunigusa wala hakunisukuma, alisimama tu hapo. Dhudi akapumua, na maziwa yakashuka kwa kishindo, chombo kikajaa hadi ukingoni.

"Anakujua wewe," nilisema.

"Mimi nilimtoa tumboni mwa mama yake kwa mikono hii miwili. Atamjua nani? Karatasi?"

"Kwa nini hamkuniambia, Abti? Mmezaliwa kati ya ngamia, nyote mnajua hili."

Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi. "Nani aseme? Aseme 'huyu hunipa mimi tu'? Hilo ni 'wangu' pia. Atakalishwa kwenye kile kiti."

Ndiyo hivyo. Kila mfugaji hapa anajua kwamba ngamia wake hatoi kwa mgeni, na kila mmoja amenyamaza kwa sababu kulisema ni dhambi mpya tuliyoitunga sisi. Maziwa yanakauka viweleni na watu wanatazamana wakimtafuta mwizi. Kule Fruitlands wanaume waliondoka kwenda kuhubiri shayiri ikiwa imekatwa na haijaingizwa ghalani, dhoruba inakuja, ikabidi mama mmoja na watoto waibebe kwa mashuka. Nilipoisoma chuoni nilicheka. Hawakudumu hata mwaka.

2 Novemba

Nimemweleza Adeer Dekow. Nilichora hata jedwali: siku za Abti chombo kinajaa, siku za wengine ni povu. Nilidhani jedwali litanitetea.

Alilitazama kwa makini, kwa upole. "Bishara, hujaona ulichokiandika? Siku zake tu."

"Kwa sababu Dhudi anamjua yeye."

"Kwa sababu amemfundisha asimpe mwingine. Wale sita wote. Ametupatia ngamia, amebaki na maziwa." Akanirudishia karatasi. "Simchukii. Nataka apone."

Huyu ni mtu aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka, na anaamini kila neno analosema. Nilitoka na jedwali langu mkononi. Osob alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia, sijui kiasi gani.

7 Novemba

Mvua. Deyr, mvua ya vuli, imefika, imechelewa lakini imefika. Mabati yanapiga kelele hadi hatusikiani. Hooyo ameweka kila sufuria nje.

9 Novemba

Leo waliyemweka kwenye kiti ni Abti Nunow.

Osob alianza. "Nunow ana siri na ngamia. Akiguna, wanatoa. Sisi tukija, wanafunga. Hiyo si dawa?" Mumewe alifuata, kwa sauti ya mtu anayelipa kisasi cha Alhamisi yake. Mwingine akasema amemwona Abti alfajiri zizini. Nani hajawahi kumwona Abti alfajiri zizini? Wapo wanne waliosimama ambao najua, najua kwa hakika, kwamba ngamia wao pia hutoa kwao tu. Walimtazama usoni wakasema.

Kisha Abti akafanya lisiloruhusiwa. Akajibu.

"Nyie wote mna mikono inayojua. Mmeificha mfukoni. Dhudi ni wangu. Nimesema. Ni wangu na mimi ni wake. Mwenye kukasirika akasirike."

Mvua ilipiga mabati. Adeer Dekow hakupaza sauti. Alisema moyo wa Nunow umetoka Walaalo kabla ya miguu yake, na hakuna kulazimishana katika undugu. Ataondoka tarehe 18, wazee wa Tarbaj waitwe washuhudie kwa amani. Ataondoka kwa mujibu wa kifungu cha saba.

"Ndio kipi hicho?" Abti aliuliza, akanigeukia mimi.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Adeer Dekow akakisoma: anayeingia na mifugo ameitoa kwa wote, na akiondoka, kwa hiari au kwa kutolewa, hatadai mnyama hata mmoja.

Nimekaa na kalamu hii tangu alasiri nikizunguka jambo moja, kwa hiyo sasa niliandike. Kifungu cha saba nilikitoa kwenye agano la Shaker. Kilinivutia kwa usafi wake: kutoa bila kurudi. Familia tano zilijisomea mkataba. Sita hazikujua kusoma, zikaja kwangu moja moja, nikawasomea na kuwafafanulia. Abti alikaa kwenye gunia, kidole gumba kikiwa tayari kina wino. Nikasoma cha kwanza, cha pili, hadi cha sita. Nilipofika cha saba nikajua kwamba akikisikia atasimama, atawasha tochi yake na kuondoka na ngamia sita, na jumuiya yangu, ile niliyoiota maktabani miaka minne, itapungukiwa. Nikaenda cha nane. Hakuna aliyeona. Nikafanya vivyo hivyo kwa wale watano wengine, maana nisingeweza kumdanganya mmoja tu.

Nilijiambia hakuna atakayeondoka, kwa hiyo kifungu hakina kazi. Nilijiambia ni jambo la taratibu tu.

Miezi mitano namtafuta mtu mwenye mlango wa nyuma.

10 Novemba

Mvua.

11 Novemba

Mvua. Abti anakamua kama kawaida. Hanisemeshi Kiswahili.

13 Novemba

Laga, ule mto mkavu, imejaa maji. Barabara ya Tarbaj imekatika, pikapu haikuja. Tumekunywa maziwa yote wenyewe na bado tukabaki na njaa.

14 Novemba

Nimemwambia Hooyo. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ulinisomea na mimi, umesahau? Nilihesabu kwa vidole. Walisema ni tisa. Mimi nilisikia vinane."

Nilikosa pa kuweka macho. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa na mbuzi wanne na mgongo umekufa. Ungenisomea kifungu kinachosema nikiondoka nakatwa mguu, ningetia dole." Akatoa jiwe kwenye maharage. "Sasa unataka kusema mbele ya wazee."

"Ni kaka yako, Hooyo. Ataondoka na fimbo tu."

"Nitamlisha. Ndugu yangu hatalala njaa mimi nikiwa hai. Lakini ukisema, si Nunow tu. Familia sita zitafungua zizi siku hiyo hiyo. Zikienda sita, tano zitabaki kufanya nini? Hapa patakuwa mabati." Sasa aliacha kupepeta. "Mimi nitarudi kwenye punda wangu. Wewe utapata kazi mahali, utanitumia pesa kila mwezi, utasema umefanya haki. Maji hayachotwi na simu."

Nilitaka ajihukumu mwenyewe kwa kumgeuka kaka yake. Badala yake niliona mwanamke ambaye kwa mara ya kwanza maishani ameomba kitu. Kitu chenyewe ni wanawake saba wa kutembea nao asubuhi.

"Nyamaza, hooyo," alisema. "Mara moja tu. Umeshanyamaza, huoni ni rahisi?"

15 Novemba

Adeer Dekow amenipa mkono nilipopita. Akaniambia Sabirin amemjibu. Picha tu, ya mbwa. Alikuwa na furaha hadi nikamchukia, kisha nikajichukia.

16 Novemba

Niliandika kurasa nne za sababu za kunyamaza. Zilikuwa nzuri, zenye tanbihi. Nimezichana.

17 Novemba

Abti amemfunga Dhudi kwa kamba mpya chuchu mbili za upande mmoja, ili za upande wa pili abakiziwe ndama. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na kesho ataondoka.

"Ndama atakula kesho pia," alisema.

18 Novemba

Nimesema. Ninaandika baada ya kusema ili nisipate nafasi ya kulipamba.

Wazee watano walifika saa nne, viatu vimejaa matope. Walikaa kwenye viti, mmoja wao akauliza kwa nini vingine vinaning'inia. Adeer Dekow alieleza shauri kwa haki, sina la kumlaumu. Alimsifu Abti. Akaonyesha dole gumba kwenye karatasi. Mzee aliyeongoza akauliza, kama desturi inavyotaka, ni nani aliyemsomea huyu mtu.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, na kwamba nilimsomea vifungu vinane, na kwamba nilijua vipo tisa. Nikawataja wale wengine watano kwa majina, mmoja mmoja, wakiwa wamekaa pale pale. Wa mwisho nikamtaja Hooyo.

Adeer Dekow alisema, "Bishara," tu, kama mtu anayemwita mtoto aliye karibu na moto. Mzee akaniuliza kama naweza kuapa. Niliapa, mkono juu ya msahafu. Osob alikuwa wa kwanza kusimama, na hakusema lolote dhidi yangu. Alimshika mumewe mkono wakatoka kuelekea zizini. Wazee walisema dole lililowekwa kwenye maneno yasiyosikika si dole.

Abti aliondoka kabla ya adhuhuri na ngamia sita na ndama wawili. Alipita mbele yangu, akasimama. Nilidhani atanishukuru. Alisema, "Miezi mitano ulikuwa unanitazama kila siku," akaenda zake. Hadi alasiri familia nne, yake ikiwemo, zilikuwa zimetoa mifugo. Ya tano inangoja matope yakauke. Ya sita ni sisi.

Hooyo hakupaza sauti. Alifunga mbuzi wake wanne kwa kamba moja, akaketi mlangoni akiwatazama wanawake wakipakia vyombo vyao, wale saba wa kisimani, akiwahesabu kwa macho. Nilipomkaribia alisema, "Usikae hapa."

Sikukaa. Nilikwenda ukumbini, nikabandua karatasi ya zamu, nikachukua na mkataba, nikampa Adeer Dekow mkononi. Kisha nikampigia Ridwan nikamwambia Jumatatu, barabara ikifunguka, aje na pikapu atuchukue na mbuzi hadi kwenye kisima cha zamani cha Hooyo, watu wawili wa kwenda, hakuna wa kurudi naye mjini. Ameniuliza, hata mimi? Nimemwambia hata mimi, maji hayachotwi na simu, na nimeshamlipa.